Choo cha Mstari wa Nne

Kambi nzima ya Chilambo ililipenda boza la maji kuliko ilivyompenda mtu yeyote mwenye cheo. Likisikika linapanda huku linakohoa, watoto walitoka mbio, wanawake walianza kugombana kabla hawajafika, na madumu yakapangwa mstari mrefu kama maandamano ya watu wasio na miguu. Juu huku Newala maji hayachimbwi, yanapandishwa. Hata wenyeji wenye nyumba za bati hukinga mvua kwenye visima vya saruji, wakayatunza maji yake kama mtu anavyotunza mahari. Kwa hiyo mkimbizi aliyeletewa maji hadi mlangoni pa hema lake, tena msimu huu wa korosho ambapo vumbi linaingia hadi kwenye meno, akayakataa, huyo ama alikuwa mgonjwa, ama ana kiburi cha kifalme.

Bi Cecilia aliyakataa.

"Mama, kunywa basi kidogo," alisema binti yake, Yasinta, amechuchumaa mlangoni na kikombe mkononi.

"Nimekunywa."

"Umekunywa saa ngapi? Nilikijaza asubuhi, kiko vilevile. Labda inzi ndiye aliyepunguza."

"Basi mwachie inzi. Naye mkimbizi."

Yasinta hakucheka. Midomo ya mama yake ilikuwa imepasuka, na alipoongea ulimi ulishika juu kwenye kaakaa ukatoa mlio kama wa karatasi. Chakula alikula matonge mawili ya ugali wa muhogo, kavu, mchuzi hataki. Uji hataki. Kila chenye maji ndani yake Bi Cecilia alikitazama kama adui aliyevuka naye mto.

Walikuwa wamevuka Ruvuma pamoja, nyumba zao zikiwaka nyuma yao: Bi Cecilia, Yasinta, mumewe Fortunatus na mtoto wao mdogo, Nikolao. Kambini walipewa mahema mawili yaliyobanana mstari wa nne. Moja la mume na mke, moja la bibi na mjukuu.

Jirani yao wa mstari wa tano, Mwanakombo, mjane mwenye mdomo usiojua likizo, alikuwa akilifuatilia jambo lile kama watu wanavyofuatilia mpira.

"Mama Nikolao," aliita kutoka jikoni kwake, "huyo mama yako anafunga? Ramadhani bado, tena nyinyi ni watu wa msalaba."

"Ana huzuni, dada."

"Huzuni gani isiyokunywa maji? Mimi nilipofiwa na mume wangu nilikunywa hadi ya jirani!"

Yasinta alimwendea mumewe. Fortunatus alikuwa mtu wa maneno. Angeweza kumchekesha askari wa getini hadi akasahau kumkagua. Lakini habari ikimhusu mama mkwe, Fortunatus aligeuka gogo. Kila asubuhi alimsalimia kwa mbali, amechuchumaa, uso kautupa pembeni, kama alivyofundishwa mkwe mwenye malezi.

"Mama ni wako," alisema. "Mimi nitamwangaliaje kama amekunywa au hajanywa?"

"Anakauka, baba Nikolao. Atakufa hivihivi tunamwona."

Fortunatus akakuna kisogo, akatazama upande wa mashamba ya mikorosho. "Mwambie tu… kila kitu kiko wazi kwake. Asiwe na wasiwasi."

Yasinta hakuelewa ni kitu gani kilichokuwa wazi.

Siku ya mafunzo ya usafi alikuja Salmini. Salmini alikuwa kijana wa Kimakua kutoka Chiungutwa, amemaliza kidato cha nne, akapewa fulana, kofia na bahasha ya picha kubwa za rangi, akaitwa mhamasishaji. Wamakua na Wamakonde ni watani, kwa hiyo hakupoteza muda kubisha hodi.

"Wamakonde! Kusanyikeni! Leo nimekuja kuwafundisha kujisaidia!"

"Anza na aliyekufundisha wewe kuoga," Mwanakombo alimjibu, "maana kazi hakuimaliza!"

Watu wakaangua kicheko, wakakusanyika. Salmini akainua picha moja moja. Mikono na sabuni. Inzi mkubwa kama kuku. Mtu kachuchumaa nyuma ya mti, amepigwa alama nyekundu ya X kutoka utosini hadi visiginoni.

"Huyu mnamwona? Huyu yupo mstari wa nne. Wenyeji wamelalamika kuna mtu anaingia kwenye mikorosho yao na kuacha salamu. Kipindupindu hakina mjomba, jamani. Kikianza na mmoja kinamaliza mstari." Akayazungusha macho, yakatua kwa Bi Cecilia aliyekaa kwenye mkeka wake. Wanawake wa mstari walikuwa wamekwisha kumnong'oneza kwamba bibi yule haonekani chooni. "Bibi mtani, shikamoo."

"Marahaba."

"Choo unakifahamu?"

"Nakifahamu."

"Mbona hatukuoni huko?"

"Kwani kazi yako ni kuhesabu wanaoingia chooni?"

"Ndiyo, bibi! Nalipwa kwa hiyo!"

Kicheko kikapasuka tena. Salmini, ambaye hakuwa na roho mbaya ila alikuwa na hadhira, akamwekea picha magotini. "Onyesha kwa kidole. Mtu mstaarabu anakwenda wapi?"

Bi Cecilia alimtazama. Ng'ambo alikuwa nakanga, mwalimu wa wari kwenye unyago. Wasichana wa vijiji vizima walipita mikononi mwake wakajua kunawa, kujifuta na kujisitiri, na Yasinta ni mmoja wao. Mkono wake uliinuka taratibu, ukagusa kijumba cha bluu cha choo.

"Hapa."

"Makofi kwake!"

Watu wakapiga makofi. Yasinta aliona sikio la mama yake likibadilika rangi. Akamtafuta mumewe kwa macho amtetee. Akamwona mgongo tu, Fortunatus anaondoka kwa haraka kama mtu aliyeitwa.

Jioni ile walikosana.

"Mama yangu anachezewa kama mtoto wa chekechea, wewe unakimbia!"

"Ulitaka nikae?" Fortunatus alisema, sauti chini. "Nikae nisikilize habari za mama mkwe na choo? Wewe mwanamke vipi?"

Kesho yake kulikuwa na mgawo wa sabuni. Foleni ilikuwa ndefu, jua la saa tano halina adabu. Bi Cecilia alisimama mbele ya Yasinta, mkono umeshika bega la Nikolao. Halafu akaanguka, polepole, bila kishindo, kama kanga inayoteleza kutoka kwenye kamba.

Katika hema la zahanati nesi Huruma aliivuta ngozi ya mkono wa Bi Cecilia kwa vidole viwili, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama vilevile, kama hema jingine dogo.

"Hana malaria, hana kipindupindu," alisema nesi. "Mama amekauka. Mkojo amepata lini mara ya mwisho?"

Yasinta hakujua. Bi Cecilia alijua, ila alitazama paa.

"Sikiliza, mdogo wangu. Figo zikigoma mimi hapa sina la kufanya. Itabidi hospitali ya Ndanda, na gari la kumpeleka linaombwa kwa simu za watu watatu. Leo nimemwahi. Akirudi hivi tena sijui kama nitamwahi. Mnywesheni maji, hata kwa kumshika pua."

Akamtundikia dripu. Chupa ya kwanza ikaisha, ya pili ikafika nusu, na Bi Cecilia akaanza kujigeuzageuza kitandani. Akauliza kwa aibu, sehemu iko wapi. Huruma akamwonyesha: nyuma ya zahanati kulikuwa na choo cha wagonjwa wanawake peke yao, ukuta wa bati, mlango unafungwa kwa ndani. Yasinta akamshika mkono hadi hapo, akasubiri nje. Alisubiri sana. Mama yake alipotoka uso ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni baada ya kupanda bonde zima. Akanawa, akarudi kitandani, akaomba kikombe. Akakinywa chote. Akaomba kingine.

Yasinta alibaki ameduwaa na jagi mkononi.

"Mama. Kumbe kiu unayo."

"Mimi ni mti nisiwe na kiu?"

"Na kule hemani?"

Bi Cecilia akakipangusa kikombe kwa ncha ya kanga, ingawa kilikuwa safi. "Kule kuna mkwe."

Ikamchukua muda kulitoa jambo lenyewe. Wiki ile waliyofika, alisema, alikuwa anatoka kwenye kile choo cha mstari wa nne. Ameinua turubai la mlangoni tu, huyu hapa Fortunatus anakuja, na kopo mkononi. Wakakutana uso kwa uso.

"Kaniona natoka, mwanangu. Na kopo lake nikaliona. Yeye akageuka, mimi nikageuka. Tangu siku hiyo mguu wangu haujafika tena pale. Ikinizidi, nangoja giza la usiku wa manane."

"Lakini mama, kuna upande wa wanaume na wa wanawake."

"Juu! Juu ndiko kuna pande. Wametia turubai katikati, wakaandika. Chini huko shimo ni moja. Mimi na mkwe wangu shimo moja, Yasinta? Hata sauti inapita." Akapunguza sauti. "Nyumbani yule kijana alinichimbia choo kabla sijampa mke. Alikwenda chini hadi udongo mwekundu ukaisha, mlango ukatazama porini, na alipokikabidhi hakupita tena hata njia yake. Mkwe wa namna hiyo nimfukuze chooni? Nikasema, yeye ana nguvu, anabeba mizigo ya watu, anakula. Mwache awe na choo. Mimi mzee nitapunguza maji."

"Utapunguza hadi ufe?"

"Aliyekufa haendi chooni."

"Ungeniambia! Ningezungumza na baba Nikolao…"

"Ungemwambia nini? Kwamba mama kasema nini, kuhusu nini? Ukilitaja tu mbele yake umenivua nguo."

Yasinta alijua mama yake hakosei. Alijua pia kwamba huko hemani kile kikombe kingejazwa tena, na inzi angekitembelea tena.

Walirudi alasiri, hatua ndogondogo, Bi Cecilia ana pamba mkononi palipochomwa sindano. Mbele ya ofisi ya kambi walikuta watu wamejaa. Katikati, mgambo kamshika Fortunatus ukosi wa shati.

"Huyu hapa!" alikuwa anapaza sauti mwenyeji mmoja mwenye shamba, suruali kaikunja hadi magotini. "Wake zangu wanaokota korosho, wanakanyaga mambo! Nyinyi mnaletewa maji na boza, sisi tunanunua, hatusemi. Mmejengewa vyoo, hatusemi. Na bado mnatuletea zawadi shambani?"

Mzee Shamte, mwenyekiti wa kambi, naye Mmakonde wa ng'ambo, alionekana kama mtu aliyefumaniwa yeye. "Fortunatus. Choo kiko hatua chache kutoka mlangoni kwako. Kimejaa?"

"Hapana, mzee."

"Kibovu?"

"Hapana."

"Sasa mwenzetu kwa nini unatembea hadi mikoroshoni? Tena mgambo anasema si leo tu. Anasema anakuona tangu wiki ile mliyofika!"

"Nimekosa, mzee."

"Sikukuuliza kama umekosa. Nimekuuliza kwa nini."

"Nimekosa."

"Au wewe mnyama?"

Fortunatus, ambaye kwa siku nyingine angemjibu mtu hadi akamsahaulisha swali, alitazama vidole vya miguu yake. "Kama mzee unavyosema."

Watu wakacheka. Salmini, aliyekuwa pembeni na bahasha yake, akapiga kofi pajani. "Kumbe mtu wangu wa kwenye picha ni huyu! Mimi nilimdhania bibi!"

Yasinta hakusikia kicheko. Wiki ile mliyofika. Lilimpiga kifuani neno hilo. Wote wawili walikuwa wamekikimbia choo kimoja kwa sababu moja. Huyu alikwenda porini ili mama mkwe apate nafasi, yule aliacha maji ili mkwe apate nafasi, na choo kikabaki pale hakina mkwe wala mama mkwe, kinapunga turubai lake kwa upepo. Kila kitu kiko wazi kwake. Alifungua mdomo aseme. Akaukuta mkono wa mama yake umemshika kiwiko, unabana. Akafunga.

"Sasa hukumu," alisema Shamte. "Mwenye shamba utamsafishia shamba lake. Na kuanzia kesho, kila asubuhi, utaosha choo cha mstari wa nne. Pande zote mbili. Hadi korosho ziishe."

Hapo Fortunatus akainua uso kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na jasho.

"Mzee, nipe vyoo vya kambi nzima. Nitaosha vyote. Hicho kimoja nisamehe."

"Unachagua adhabu? Hicho hicho!"

"Mzee, nakuomba. Hicho hapana."

"Ana nini huyu?" watu waliulizana. "Kina jini choo chenyewe?"

"Mtani!"

Sauti ilikuwa kavu, lakini ilikuwa sauti ya nakanga, iliyozoea kusikika juu ya ngoma. Watu wakageuka. Bi Cecilia alikuwa amempa mgongo mkwe wake, uso ameuelekeza kwenye mahema, mkono wake umejishikiza kwa Yasinta.

"Wewe Mmakua mwenye picha. Njoo hapa."

Salmini akaja, kofia mkononi bila kujua kwa nini ameivua.

"Mimi hapa siwezi kusema, kuna mkwe wangu. Wewe ni mtani, huna aibu, hiyo ndiyo kazi yako. Nitakachokwambia mwambie mwenyekiti." Akamwinamia, akanong'ona.

"Bibi anasema," Salmini alianza kwa madoido, kifua mbele, "anasema mkwe wake si mnyama. Anasema mnyama ni mimi na wenzangu tuliompigia makofi." Watu wakacheka kidogo. Akainama tena, akasikiliza. Madoido yakaanza kumtoka. "Anasema… kile choo anachangia na mkwe wake. Shimo moja. Walikutana mlangoni. Anasema huyu kijana alikimbilia mikoroshoni amwachie choo mama mkwe." Akasikiliza tena, akainua uso. "Bibi, hili nalo niseme?"

"Lile la jana ulilisema. Na hili sema."

"Anasema yeye hakujua. Anasema… naye aliacha kunywa maji, amwachie choo mkwe wake."

Hakuna aliyecheka. Fortunatus alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mwenye shamba akaanza kuikunjua suruali yake polepole, mguu mmoja, halafu wa pili, kama mgeni aliyekumbuka adabu. "Lo!" alisema. "Na mimi nina mama mkwe."

Mzee Shamte alikaa kwenye kigoda chake. "Tulipogawa mahema tulihesabu vichwa," alisema. "Nani ni nani wa nani, hatukuuliza. Na mimi Mmakonde mzima nilikuwepo." Akapangusa kipara. "Lakini choo kingine sina, mama yangu. Kuchimba haturuhusiwi hadi niombe juu, na juu ni mbali."

Salmini akamnong'oneza Bi Cecilia, akapata jibu. "Anaomba aende choo cha mstari wa tano."

Hapo huruma ikakutana na foleni. Wanawake wa mstari wa tano wakaanza. Shimo lao linajaa. Asubuhi watu wanasimama hadi wanacheza ngoma. Leo mmoja, kesho kila mwenye mkwe atahamia. "Hata mimi ninaye mkwe, nimehama?" aliuliza mmoja kwa ukali, kisha akanyamaza ghafla, kama aliyejisikia mwenyewe.

Bi Cecilia aliyasikiliza yote amesimama, wanamjadili yeye na haja yake mbele ya watu kama mbuzi mnadani. Yasinta alitamani ardhi immeze, au iwameze wao.

"Basi!" alisema Mwanakombo. "Atahesabiwa nyumba yangu. Mimi niko peke yangu, kwani nafasi ya marehemu mume wangu chooni imechukuliwa na nani? Lakini maji ya kunawia na ya kuoshea ni shida kwetu. Waliozidi walete dumu lao kila siku."

Wote wakamtazama Yasinta. Fortunatus asingeweza kupeleka maji kwenye choo cha mama mkwe. Hilo halikuhitaji mtani kulieleza. Dumu moja la ziada kila siku, foleni mara mbili, na boza lenyewe kuna siku linafika na kuna siku halifiki.

"Nitaleta," alisema Yasinta.

"Na mimi," alisema Fortunatus, bado ametazama chini, "sasa nipeni ufagio. Kile cha mstari wa nne nitaosha."

Jua lilikuwa bado halijazama walipowasha majiko. Bi Cecilia alikaa kwenye mkeka wake akanywa maji, kikombe, halafu kingine, bila kubembelezwa. Mwanakombo alimtazama kutoka ng'ambo ya uwanja.

Halafu wakati ukafika. Yasinta aliuona unafika, kwa jinsi mama yake alivyoacha kuzungumza na Nikolao, akaweka kopo chini ya kanga. Ili kufika choo cha mstari wa tano ilibidi kukatiza uwanja wote, ambapo kila nyumba ilikuwa inapika, na Fortunatus amekaa kwenye jiwe anamenya muhogo. Jana angekuwa bibi anayepita. Leo kila aliyekuwepo alijua anakwenda wapi, na kwa nini, na amejizuia tangu lini. Hiyo ndiyo bei ya kusema. Bi Cecilia alisimama, kopo kalificha, akapiga hatua mbili, akasita. Akageuza kichwa kuelekea hemani. Yasinta alijua: akirudi sasa, kikombe cha kesho hakitaguswa.

Fortunatus akajigeuza kwenye jiwe lake, akaupa uwanja mgongo. Aliendelea kumenya. Mwanakombo akamwona, naye akageukia jiko lake akaanza kupuliza moto uliokwisha kuwaka vizuri. Mwanamke wa jirani yake akaona, akageuza kigoda. Mwingine akamshika mtoto kichwa akamgeuza. Jiko kwa jiko, migongo ikafuatana hadi mwisho wa mstari, pasipo amri ya mtu, na uwanja wote uliojaa watu ukawa hauna jicho hata moja.

Yasinta alitaka kuendelea kumwangalia mama yake, maana miguu ilikuwa bado haijapata nguvu. Akajikaza, akageuka. Akakodolea macho sufuria ya maharage, akasikiliza tu: ndara zikiburuzika kwenye mchanga, zinasimama, zinaendelea, halafu turubai likiinuliwa, na kushushwa.